Vishusha volti: tazama poteshomita kabla ya kutazama ampea

Mwezi uliopita kishusha volti (moduli ndogo ya kupunguza volti za betri) nilichokinunua mwenyewe kiliunguza Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyokuwa ikisimamia mashine ya kaka yangu ya kutotolesha vifaranga. Betri ya sola ilikuwa inachajiwa, imefika volti 14.2, na badala ya kutoa volti 5 nilizozihakiki kwa multimita siku ya kufunga, moduli ilizipitisha zote kama zilivyoingia. Chipu ilikuwa nzima, koili nzima, diodi nzima. Kilichotuponza ni poteshomita, kile kijisanduku cha buluu chenye skrubu ya shaba ya kurekebishia volti.

Ampea na ufanisi sitavigusa sana, kwa kuwa vimeandikwa kwenye kila tangazo. Kasoro isiyotajwa ni hii: katika moduli zenye chipu ya LM2596 zilizojaa madukani, poteshomita imewekwa kati ya njia ya kutolea umeme na mguu wa mrejesho, ambao chipu huutumia kupima volti zinazotoka na hujitahidi kuudumisha kwenye volti 1.23. Mtikisiko, vumbi au unyevu ukiufanya ulimi wa poteshomita uachane na njia yake, hata kwa kitambo kidogo, mguu ule husoma sifuri. Chipu hudhani volti zimeshuka, nayo huiacha swichi yake ikiwa imewashwa moja kwa moja. Laiti mbunifu angeiweka poteshomita upande wa chini, kati ya mguu huo na hasi, na kipingamizi cha kudumu upande wa juu, kukatika kwake kungeshusha volti hadi karibu 1.23, na kaka yangu angepoteza joto la usiku mmoja tu. Hebu fikiria moduli hiyo ikiwa imefungwa chini ya kiti cha bodaboda kwenye barabara ya makorongo.

Kwa hiyo, nikivipanga vishusha volti kwa ubora, nafasi ya kwanza nawapa watengenezaji Pololu wa Las Vegas, na upendeleo wangu siufichi. Moduli yao ya D24V22F5 hutoa volti 5 zisizoweza kubadilishwa, hupokea hadi volti 36, hubeba takribani ampea 2.5, na ukikosea ukageuza chanya na hasi kwenye kuingizia umeme, ina kinga. D36V28F5 hupokea hadi volti 50. Hakuna skrubu ya kulegea.

Nafasi ya pili ni LM2596 ileile, mradi uifanyie upasuaji. Moduli nyingi zina kipingamizi cha omu 330 upande wa chini. Kipime kwanza, kisha ng'oa poteshomita na ulehemu mahali pake kipingamizi cha omu 1,000, nawe utapata takribani volti 4.96. Ukibahatika kupata toleo la LM2596-5.0, vipingamizi vimo ndani ya chipu yenyewe na kazi hiyo huna haja nayo.

Moduli ya chipu ya XL4015 naiweka ya tatu: ampea 5 zake hazifikiki kwa muda mrefu bila bati la kupozea, na zile zenye kudhibiti mkondo zina poteshomita mbili, yaani wasiwasi mara mbili. Vile vidogo vya chipu ya MP1584 vya bei ya chini vinafaa kwa kihisi kimoja au viwili, basi.

Wauzaji nao wana lao. Chipu nyingi zilizopigwa chapa ya LM2596 huwasha na kuzima kwa takribani kilohezi 50, kasi ya chipu ya zamani ya LM2576, ilhali ya kweli hufanya kazi kwa 150. Koili iliyochaguliwa kwa kasi ya 150 hulemewa, moduli huchemka, na umeme unaotoka huwa na mawimbi makubwa. Bado utaambiwa ni orijino. Nilipoirudisha yangu, muuzaji aliuliza kama nilikuwa nimeigusa skrubu. Moduli huja ikiwa imeachwa kwenye volti yoyote ile, na haiwezekani kuitumia bila kuigusa skrubu hiyo. Lakini kwake kuigusa kulitosha kufuta dhamana, kisha akanionyesha moduli nyingine ya aina ileile, yenye bodi nyeusi badala ya buluu, kwa bei mara mbili.