Sufuria ya stili yenye kitako kinene: uzoefu wangu hapa Arusha

Ni sufuria ya stili ya lita tano, ina masikio mawili na mfuniko wa kioo. Niliinunua kwenye duka la vyombo karibu na Soko Kuu kabla ya masika, na tangu hapo imeshapika karibu kila kitu kinacholiwa nyumbani kwangu. Bei imechangamka. Kwa hela ile unapata seti nzima ya sufuria za alumini na nauli ya bodaboda inabaki.

Muuzaji alikuwa anasifia mng'ao, mimi nikaipindua niangalie kitako. Stili haisambazi moto vizuri, alumini inaiacha mbali sana. Ndiyo maana sufuria nyembamba ya stili ikikaa kwenye gesi inaunguza katikati huku pembeni chakula bado kimepoa. Hii imebandikwa bamba la alumini chini, kisha likafunikwa kwa stili. Ukiitazama kwa ubavu unaona ule unene. Ukigonga kitako kwa kidole hakilii kama bati.

Maziwa ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Kwenye sufuria yangu ya zamani yalikuwa yanashika chini hata ukikoroga. Humu moto ukiwa mdogo hayashiki. (Ukijisahau yatafurika tu, hapo hakuna sufuria ya kukuokoa.) Makande nayo yanatoka safi: magadi yanaifanya alumini iwe nyeusi, stili haibadiliki rangi. Hata mchuzi wa nyanya nyingi au ukwaju hauibadilishi rangi.

Lakini ukiambiwa inawahisha maharage, usikubali. Huku tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage yatachelewa kwenye sufuria yoyote ya kawaida. Mwenye haraka anunue ya presha. Faida niliyoiona ni kwamba yakishachemka napunguza gesi hadi mwisho na yanaendelea kutokota taratibu.

Ugali, safi kabisa. Ni nzito, haizunguki ukisonga, na sikio moja unalishika kwa kitambaa. Kitambaa ni lazima, masikio yanaunguza kwelikweli.

Tatizo langu ni wali. Mfuniko wa kioo hauwezi kuwekewa mkaa juu, na sisi nyumbani tumezoea wali wa kupalia. Nimejaribu kuufunika na kuuacha kwenye moto mdogo, unaiva, unachambuka, ila ukoko hautoki wa maana. Mama mkwe alipokuja alikula vizuri, kisha akachungulia sufuria: "Mwanangu, ukoko umempa nani?" Kwa hiyo alumini yangu ya wali bado ipo, haiendi popote.

Kuosha ni rahisi ukiloweka kwanza. Stilwaya inaichuna mng'ao, tumia dodoki. Yale madoa meupe ya chumvi ya maji yanatoka ukisugua na kipande cha ndimu. Usiimwagie maji baridi ikiwa bado ya moto, kitako kinaweza kupinda, na kikishapinda sufuria inayumba jikoni.

Kwa familia ya watu wanne au watano wanaopikia gesi, ningewaambia wanunue. Mwenye kupika kwa kuni au kupikia shughuli abaki na alumini nzito, hela hii aongezee kwenye mchele.