Kisoma flopi cha USB: kinafaa, ila angalia kwanza kompyuta yako ya zamani ni ipi

Kama una mashine ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) au Windows 95 na unataka kuhamisha mafaili kati yake na laptop ya sasa hivi kwa flopi, zile diski bapa za zamani, hiki kidude hakina makuu, unachomeka USB, Windows inakitambua yenyewe kinatokea kama A: basi, hutafuti draiva wala nini. Diski za inchi 3.5 za 1.44MB kinasoma na kuandika fresh tu. Polepole, lakini hiyo ni flopi yenyewe sio kidude.

Sasa kwenye boksi wameandika eti kinasoma flopi zote, huo uongo bana! Kinajua 1.44MB na 720KB tu. Zile za Mac za 800KB hakisomi hata ukilia, maana Mac za kipindi kile zilikuwa zinabadilisha kasi ya kuzungusha diski kutegemea kichwa cha kusomea kiko wapi na hiki kinazungusha kwa kasi moja tu, na za Amiga (kompyuta nyingine ya zamani) za 880KB pia sahau. Ubaya ni kwamba ukiweka diski kama hiyo Windows inakuomba uifomati, yaani uifute uianze upya, USIKUBALI, ukikubali data ndo imekwenda. Ndo maana kabla ya kuingiza diski yoyote ya zamani sogeza kale kaplastiki ka kwenye kona mpaka tundu libaki wazi, hapo haiandikiki. Kwa hizo za Mac na Amiga tafuta Greaseweazle (kibodi kidogo cha saketi cha kuunganisha draivu ya flopi na USB) na draivu ya flopi ya ndani ya kawaida, kazi zaidi kidogo ila inanyonya kila kitu kilichopo kwenye diski bila kujali ni ya mashine gani.

Ukipeleka faili kutoka laptop kwenda kompyuta ya zamani na likazidi diski moja, likate na 7-Zip (programu ya bure ya kubana na kukata mafaili), saizi ya flopi ipo tayari kwenye machaguo yake, halafu upande wa DOS unaviunga vipande kwa amri ya copy /b, ila majina yawe mafupi, yasizidi herufi 8 kabla ya nukta na 3 baada yake, la sivyo utakutana na vimajina vya ajabu vyenye ~1.

Nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya boksi. Na diski zenyewe zifomati kwenye ile kompyuta ya zamani sio kwenye laptop, draivu kuukuu huwa zinadeka sana zikiletewa diski iliyofomatiwa kwingine.