Betri ya gari Unguja na Pemba: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Huku visiwani kinachoua betri ni joto. Namba ya CCA iliyoandikwa ubavuni hupima nguvu ya kuwasha gari kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo usiongeze pesa kwa ajili yake. Tizama kwanza tarehe ya kutengenezwa, kisha aina.

Sababu iko ndani ya betri yenyewe. Mna vyumba sita, kila kimoja volti 2.1, jumla 12.6. Plati chanya ni oksidi ya risasi, plati hasi ni risasi tupu yenye vinyweleo, na zote zimezama kwenye maji yenye asidi ya salfa, asilimia 35 hivi kwa uzito. Betri ikitoa umeme, asidi huingia kwenye plati na kuzigeuza salfeti ya risasi, na maji yanabaki mepesi. Ukichaji, asidi hurudi. Salfeti ikiachwa wiki kadhaa bila chaji huwa fuwele ngumu, na hizo hazirudi tena. Betri iliyokaa rafuni hujimaliza yenyewe, na joto likipanda nyuzi 10 kazi hiyo huenda takriban mara mbili ya kasi. Ndiyo maana betri ya bei nafuu yenye miezi mitatu ni bora kuliko ya jina kubwa yenye mwaka na nusu.

Nafasi ya kwanza tunaipa betri ya maji yenye vizibo vinavyofunguka, hasa ile iliyokuja kavu na kutiwa asidi mbele yako. Isipotiwa asidi na vizibo vyake vikibaki vimefungwa, plati hazianzi kuchakaa njiani wala ghalani. Asidi ikishatiwa, subiri nusu saa plati zinywe, kisha ichajiwe taratibu. Usikubali ifungwe garini papo hapo. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuipima kila chumba kwa hidrometa, yaani kipimo cha uzito wa asidi, na kuongeza maji yanayopotea kwa joto. Inamfaa mwenye daladala, teksi au gari la mzigo, mradi aifungue kila mwezi.

Ya pili ni ile inayoitwa betri kavu. Si kavu, ina asidi ileile, ila fremu za plati zimechanganywa kalsiamu badala ya antimoni, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Asiyefungua boneti anunue hii. Udhaifu wake ni alteneta (mashine ya gari inayochaji betri) ikiwa mbovu: betri ikichemka, huna pa kuongezea maji. Lile jicho la kijani juu yake linasoma chumba kimoja tu, kwa hiyo lisikutosheleze.

EFB (betri ya maji iliyoimarishwa) na AGM (ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) zinakuja ya tatu na ya nne. Zinahitajika kwa gari linalojizima kwenye foleni na kujiwasha lenyewe; kama gari lako lilikuja na AGM, rudishia AGM. Kwa gari la kawaida ni gharama ya bure, na AGM haivumilii joto la injini wala chaji iliyozidi.

Mwisho kabisa, betri iliyofufuliwa. Hii tunasema wazi: usinunue. Mbinu ya kawaida ni kumwaga maji ya zamani na kutia asidi mpya. Hidrometa itasoma vizuri, kwa sababu inapima asidi, haipimi plati. Salfeti ngumu bado imo, na asidi iliyozidi inakula fremu za plati. Itawasha gari siku chache, kisha itakuacha njiani.

Dukani uende na mita ya volti. Betri iliyotulia saa kadhaa bila chaji isome 12.6 au zaidi; ikiwa chini ya 12.4 iache. Yenye vizibo, hidrometa isome kati ya 1.25 na 1.28, na vyumba visipishane zaidi ya 0.05, maana kikipishana chumba kimoja basi hicho kimeharibika. Soma na maandishi: 46B24L, ambayo wengi wanaijua kama NS60L, ina urefu wa sentimita 24 hivi, na L maana yake ukiigeuza vichwa vya kufungia waya viwe upande wako, chanya iko kulia. Ukichukua R, waya huenda usifike, au ufungwe kinyume na kuunguza alteneta.

Kabla ya kulipa, pima gari lenyewe. Injini ikiwaka, mita isome 13.8 hadi 14.4. Chini ya 13.5 betri mpya itajaa salfeti. Juu ya 14.8 itachemka na kutoa harufu ya yai viza. Wengi hununua betri mbili kwa mwaka kumbe tatizo ni alteneta.

Maji ya kuongeza ni yaliyotoneshwa (distilled) tu, sentimita moja hivi juu ya plati, tena baada ya kuchaji ili yasimwagike. Asidi usiongeze kamwe: kinachopotea ni maji. Maji ya kisima yamepita kwenye mawe ya chokaa, na ya karibu na pwani yana chumvi. Yote mawili huharibu plati. Hata ya mvua yaliyopita kwenye bati yana zinki. Hewa ya bahari huotesha unga mweupe vichwani. Osha kwa maji yenye bikaboneti ya soda, vizibo vikiwa vimefungwa, kausha, paka grisi.

Betri ya zamani irudishe kwa muuzaji ikiwa nzima. Usiipasue wala kuyeyusha risasi nyumbani ili kufanya chubwi za mishipi: moshi na vumbi lake hubaki uani, na risasi huharibu ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo.