Concert for George: usiruke nusu ya kwanza

Wengi wakishaweka diski ya Concert for George na kuona watu wamekaa chini jukwaani wamepakata sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, hubonyeza kitufe cha kusogeza mbele mpaka Eric Clapton atokee na gitaa la umeme. Naandika hasa kwa ajili yao. Kazi hii nimeitumia kwa njia tatu, yaani diski za video, CD na kusikiliza kwa intaneti, na neno langu la kwanza ni hilo: nusu ya Kihindi ndiyo iliyoubeba usiku ule. Nyimbo za rock zinazofuata husikika tofauti kabisa ukizifikia kwa kupitia mlango huo.

Kwa asiyelijua: ni tamasha la kumuenzi George Harrison, mpiga gitaa wa kundi la Beatles, lililofanyika Royal Albert Hall, London, tarehe 29 Novemba 2002, mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake. Mjane wake Olivia na mwanawe Dhani ndio walioliandaa. Clapton na Jeff Lynne walisimamia muziki, David Leland akaongoza filamu. Mapato yalikwenda Material World Charitable Foundation, mfuko alioufungua George mwenyewe mwaka 1973.

Kabla hujatoa pesa, soma jalada vizuri, maana kuna matoleo mawili ya filamu na watu huyachanganya. Moja ni lile la sinema, lenye mahojiano na mazoezi yaliyopachikwa katikati ya nyimbo, la takriban saa moja na dakika arobaini. La pili ni tamasha zima, karibu saa mbili na nusu, nyimbo zikifuatana kama zilivyopigwa. DVD ya mwaka 2003 ilitoka na diski mbili, kila toleo na diski yake. Blu-ray ikafuata mwaka 2011. Ukiuziwa diski moja tupu ndani ya mfuko wa plastiki, uliza ni ipi. La sinema ni zuri kuangalia mara moja kwa sababu ya mazungumzo, lakini la kurudia mwaka hadi mwaka ni tamasha zima. Mahojiano yanakata pumzi ya muziki wa Kihindi, na muziki huo huishi kwa pumzi ndefu.

CD nazo ni mbili, na mgawanyo wake unajieleza: ya kwanza ni Kihindi kitupu, ya pili ni rock. Toleo la CD la mwaka 2003 liliacha "Horse to the Water" na "Honey Don't". Huo wa kwanza ndio wimbo wa mwisho George kuurekodi, na siku ile uliimbwa na Sam Brown akiwa na Jools Holland kwenye piano. Sauti ya Sam pale ni mojawapo ya nguzo za usiku mzima, kwa hiyo anayenunua CD peke yake ajue anakosa nini. Mwaka 2018, ambao George angetimiza miaka 75, kazi ilitolewa upya, na kwa mara ya kwanza ikatoka kwenye santuri, nne kwa mpigo. Kulikuwa pia na kasha la pekee, idadi 1,000 tu, ndani yake kikiwemo kipande cha pazia lililochorwa kwa mkono lililotundikwa nyuma ya jukwaa siku ile. Kwa msikilizaji wa kawaida, kifurushi cha CD mbili pamoja na Blu-ray kinatosha na kubaki.

Jambo linalowakwamisha watu wa kwetu ni namba ya eneo. DVD ya namba 1 imekusudiwa Marekani na Kanada, namba 2 Ulaya, na deki nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki ni za namba 5. Yenye namba 0 au neno ALL hucheza popote. Blu-ray hutumia herufi: A ni Amerika, B ni Ulaya na Afrika. Diski yenye namba isiyolingana huwa haijaharibika, deki ndiyo iliyofungwa. Nyingi za bei nafuu hufunguliwa kwa rimoti, kwa kuingiza tarakimu kwenye menyu ya siri. Mwulize fundi kabla hujairudisha dukani.

Sasa sauti, na hapa ndipo kazi hii huharibiwa zaidi. Usiisikilize nusu ya kwanza kwa spika ya simu. Tanpura, ile ala ya nyuzi nne inayong'ong'a chini tangu mwanzo hadi mwisho, hupotea yote. Ikipotea, sauti za sitari hubaki zinaelea bila sakafu, na msikilizaji husema muziki "hauendi popote". Unakwenda, ila ameondolewa kipimo cha kupimia mwendo wenyewe. Vipokea sauti vya waya vya bei ya kawaida vinaponya tatizo hilo papo hapo.

Wenye sabufa wana tatizo la kinyume. Tabla ni ngoma mbili: dogo la mkono wa kulia lenye mlio mkali, na kubwa la kushoto, bayan, ambalo mpigaji hulikandamiza kwa kisigino cha kiganja huku likilia, mlio ukapanda na kushuka kama mtu anayezungumza. Sabufa iliyofunguliwa mno huyameza mazungumzo hayo na kuacha mngurumo mmoja. Punguza besi mpaka usikie mlio ukiteleza, halafu usiiguse tena hadi rock ianze. Zima pia vitufe vya runinga vinavyotangaza sauti ya ukumbini au ya sinema, kwani huongeza mwangwi juu ya mwangwi. Albert Hall ni jumba la duaradufu lenye kuba, na mwangwi wake wenyewe umo tayari ndani ya rekodi. Mwenye seti ya spika sita achague mchanganyiko wa 5.1; mwenye spika mbili abaki na stirio.

Kwa wanaotumia bando: muziki wa ubora wa 320 kbps (kiasi cha data kwa sekunde) hula MB 2.4 kwa dakika. "Arpan", kipande kirefu kuliko vyote, ni dakika 23, kwa hiyo ni kama MB 55. Ukishusha hadi 96 kbps unatumia kama MB 17, lakini kinachokatwa kwanza ni mng'ao wa juu wa nyuzi za sitari, yaani kile kile ulichokifuata. Pakua mara moja kwa ubora wa juu, kisha usikilize bila mtandao.

Haya, tuingie ukumbini. Usiku unafunguliwa na "Sarve Shaam", dua ya Kisanskriti ya kuwaombea watu wote amani na heri. Haikuchaguliwa ovyo. Imo kwenye Chants of India ya mwaka 1997, albamu ya Ravi Shankar, bingwa wa sitari, iliyosimamiwa studio na George mwenyewe. Hivyo sauti ya kwanza kusikika kwenye tamasha la kumkumbuka ni ya kazi waliyoifanya pamoja, marafiki tangu mwaka 1966, George alipokwenda India kukaa wiki kadhaa akijifunza sitari kwake.

Kinafuata "Your Eyes", Anoushka Shankar, binti wa Ravi, na sitari, dakika kama nane. Hapa tumia macho. Angalia mkono wake wa kushoto. Freti za sitari ni vyuma vilivyopinda kama tao, vimeinuka juu ya shingo, na kwa hiyo uzi unaweza kuvutwa pembeni, mbali sana. Kidole kinabaki freti ile ile, uzi unavutwa, na sauti inapanda hatua moja, mbili, hata tano, bila risha kugusa tena. Mvuto huo huitwa mend. Risha yenyewe ni mizrabu, waya uliokunjwa na kuvaliwa kwenye kidole cha shahada cha kulia. Chini ya freti zimepita nyuzi nyingine 11 hadi 13 ambazo kwa kawaida hazipigwi. Hulia zenyewe zinapoitikia. Mchezaji anaponyamaza, usifikiri kipande kimekwisha. Sikiliza nyuzi hizo zikimalizia. Wanaopiga makofi mapema hujinyima hilo, na George na Ravi waliyaona makubwa zaidi Madison Square Garden, New York, mwaka 1971 kwenye tamasha la Bangladesh, pale watu walipopigia makofi ala zinapolinganishwa nyuzi.

Kisha Jeff Lynne anaimba "The Inner Light", Anoushka akiwa kwenye sitari. Huo ndio daraja. Muziki wa rekodi ya asili ulipigwa na wanamuziki wa Kihindi mjini Bombay Januari 1968, na maneno yametokana na Tao Te Ching, kitabu cha kale cha hekima cha Kichina. Lynne anauimba taratibu, bila mapambo, na ndivyo unavyotaka. Mgeni wa muziki huu aanze na huu, arudi "Your Eyes", halafu ndiyo aingie "Arpan".

"Arpan" maana yake ni kutoa, kama mtu anavyotoa hidaya kwa heshima. Ravi Shankar, aliyekuwa na miaka 82, aliitunga kwa ajili ya usiku ule tu, na bintiye wa miaka 21 ndiye aliyewaongoza wanamuziki, safari hii bila sitari. Michael Kamen alishika upande wa vinanda vya nyuzi vya Kizungu. Yupo Tanmoy Bose kwenye tabla, yupo Rajendra Prasanna kwenye shehnai. Masikio ya pwani yatamtambua huyu wa pili haraka, kwa kuwa shehnai ni ndugu wa zumari letu: mwanzi wa ndimi mbili, mlio wa kupenya ukuta. Na aliyekulia kwenye taarab ya Mombasa, ile ya kina Juma Bhalo yenye tabla na mahadhi ya nyimbo za Kihindi, atakuta nusu ya kazi ya kuuelewa muziki huu alishaifanya zamani bila kujua.

Dakika 23 ni nyingi kwa asiyezoea, na kosa ni kungoja kiitikio. Hakipo. Shika tabla kwanza, acha maneno. Tafuta pigo zito ambalo kila kitu kinarudi kulitua. Ukishalipata mara mbili au tatu, mwili utalihesabu wenyewe. Kisha fuata ala moja tu kwa dakika chache, hama kwenye nyingine. Katikati Clapton anaingia na gitaa kavu, lisilo la umeme, na hapo ndipo ninaporudia mara kwa mara. Freti za gitaa ni bapa na zimekaa shingoni, kwa hiyo hawezi kuvuta uzi kwa umbali anaouvuta Anoushka. Anajibu kwa kupunguza: vishazi vifupi, nafasi kubwa, sauti ya mbao. Hajaribu kuigiza sitari. Angejaribu, kipande kingevunjika.

Tahadhari kwa wanaoangalia na watoto au wakwe sebuleni. Baada ya "Arpan" linaingia kundi la wachekeshaji wa Monty Python, marafiki wa George ambao filamu yao ya mwaka 1979 aliigharimia kwa mfuko wake. Wimbo wao wa kwanza una maneno ya matusi na unaisha kwa waimbaji kugeuka wakiwa makalio wazi. Shika rimoti. Wa pili, wa mkata mbao, hauna shida, na Tom Hanks yumo kati ya waimbaji.

Rock yenyewe naipitia haraka, maana wengi wanaijua. Kwenye "Here Comes the Sun" ya Joe Brown, jaribu kuhesabu pale neno la jua linaporudiwarudiwa: hesabu inatoka kwenye nne nne za kawaida, inakwenda 11/8, 4/4, 7/8 (namba ya juu ni idadi ya mapigo). Ukitoka kwenye "Arpan" moja kwa moja, sikio linaikubali bila kujikwaa. Tom Petty na Heartbreakers wanapiga "Taxman" kwa ukali unaostahili. Billy Preston anaimba "My Sweet Lord" akiwa na haki nayo, kwani yeye ndiye aliyeitoa kwanza, Septemba 1970, kabla ya George. Paul McCartney anaanza "Something" na ukulele (gitaa dogo) peke yake, ala aliyoipenda sana marehemu, kisha bendi inaingia na Clapton anapokea wimbo. Makutano hayo ya sauti ndogo na kubwa ndiyo kipimo changu cha spika: ukulele ikisikika kama bati, punguza sauti za juu kidogo.

Dosari ninayoiona ni wingi wa watu jukwaani. Kwenye "Wah-Wah" magitaa, dramu na tarumbeta zimejaa kiasi kwamba gitaa kavu alilobeba Dhani halisikiki hata kwa vipokea sauti vizuri. Unamwona tu anapiga. Kijana wa miaka 24 aliyefanana na baba yake mno, amesimama karibu usiku mzima kati ya rafiki za baba yake. McCartney aliwaambia watu kwamba Olivia ameona ni kana kwamba George amebaki kijana na wao wote wamezeeka.

"Wah-Wah" ikiisha usizime. Joe Brown anarudi na ukulele kuimba "I'll See You in My Dreams", na maua yanaanza kudondoka kutoka juu ya ukumbi. Sauti hushuka ghafla baada ya bendi nzima, kwa hiyo kama ulikuwa umepunguza kwa ajili ya kelele, ongeza sasa.