Kamba vunjajungu sebuleni: tausi au yule mdogo wa mwambani?

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama uko pwani yetu hii na unataka kufuga kamba vunjajungu, yaani mantisi, kwenye tanki nyumbani, achana na yule tausi wa rangi rangi mnayemuona kwenye video, tafuta mdogo wa mwambani, Gonodactylus chiragra. Mimi ninaye sebuleni hapa Dar, rafiki yangu wa Kigamboni ana tausi, kwa hiyo wote wawili nawaona kila mara. Mdogo nampa 4.5 kati ya 5, tausi 3, na hiyo 3 ni kwa sababu ya uzuri wake tu.

Kwa wasiomjua, huyu sio kamba wa kukaanga, ni kundi lake kabisa, mikono ya mbele anaikunja kifuani kama vunjajungu wa bustanini. Wako wa aina mbili kubwa, wale wa mkuki wanaojificha kwenye mchanga na tope wanachoma samaki wanaopita, na wale wa nyundo wanaokaa kwenye mashimo ya mwamba wanapasua konokono na kaa. Tausi na huyu wangu wote ni wa nyundo. Tausi, yaani Odontodactylus scyllarus, ndo alipimwa na watafiti mwaka 2004, mkono wake ukaonekana unafika mita 23 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa na ndani ya maji, na nguvu ya pigo inafika nyutoni 1,500. Kasi ile inazalisha kiputo cha mvuke, kiputo kikiporomoka kinapiga mara ya pili, ndo maana konokono anakula vipigo viwili kwa mkono mmoja.

Sasa ukimuona anakula ndo utaelewa kwa nini watu tunampenda hivi. Unamwekea konokono karibu na mlango wa tundu, kwanza vinatoka vile vipapasio vidogo vinamgusagusa konokono haraka haraka, halafu yanakuja macho, kila jicho linazunguka lenyewe, moja linakuangalia wewe na lingine liko kwenye chakula. Anatoka nusu mwili, anamkumbatia, anamgeuza geuza taratibu mpaka apate ukingo wa gamba anaoutaka, kimya kidogo, halafu TAK. Unausikia kutoka kwenye kochi na TV ikiwa inaongea. Anageuza tena, TAK, vipande vinadondoka mlangoni, akimaliza anavisukuma nje vyote maana ndani hataki uchafu. Jioni taa zikizimwa anaanza kubeba changarawe moja moja anaziba mlango mpaka libaki tobo dogo au lisibaki kabisa, asubuhi anabomoa anatoa kichwa. Sijawahi kuona samaki wa pambo ana ratiba kama hii, na wangu ananijua nikisogea, anakuja mlangoni, ila hilo naamini ni njaa na sio urafiki.

Halafu kuna ile hadithi ya macho, kwamba anaona rangi kuliko sisi mara kadhaa. Ni kweli macho yao yana aina 12 na zaidi za seli za kupokea mwanga na sisi za rangi tuna 3, lakini utafiti wa 2014 ulionyesha kutofautisha rangi zinazokaribiana hawawezi vizuri kama sisi. Cha ajabu zaidi kwangu ni kwamba wanaona mwanga wa polaraizi, yaani ule ambao mawimbi yake yanatikisika upande mmoja tu, kitu ambacho sisi hatukioni. Kwa hiyo mtu asikuuzie kwa bei ya juu kwa hadithi ya rangi.

Kwa nini tausi nimempunguzia? Anafika hadi sentimita 18, anataka tanki la lita 150 kwenda juu, kwa asili anakaa kwenye kina, kuanzia mita chache mpaka 40 huko, kwenye handaki analochimba lenye milango miwili. Mwanga mkali haumfai, na wafugaji wengi wanauhusisha na ule ugonjwa wa gamba kuoza ambao tausi anaupata sana. Wa rafiki yangu ana madoa hayo sasa hivi na inaumiza kumuangalia. Ila uzuri wake jamani ni haki yake, kijani, buluu, miguu myekundu, ukimweka pembeni ya wangu mwenye kijani kizito cha kuelekea weusi wageni wote wanamkimbilia yeye. Huyu mdogo hafiki hata sentimita 11, amezoea vidimbwi vya mwambani maji yakipwa, jua linapiga maji yanapata moto na bado yumo, kwa hiyo joto la Dar halimsumbui kihivyo. Tanki la lita 80 au 90 linamtosha maisha yake yote.

Tanki langu alitengeneza fundi wa vioo wa mtaani, 60 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8, silikoni ya akwariamu sio ile ya madirisha yenye dawa ya ukungu. Kupasua kioo kunawezekana, mwaka 1998 kule Great Yarmouth Uingereza kuna mmoja waliyempa jina Tyson alipasua kioo cha tanki lake, lakini ni nadra, na huyu mdogo na milimita 8 mimi nalala usingizi. Sehemu ya kuangalia ni chini, maana anachimba mpaka afike kwenye kioo halafu anaanza kugonga, weka karatasi ya plastiki ngumu chini kabla ya changarawe. Mfuniko ni lazima. Mawe yawe na matundu ya saizi yake na vipande vidogo vya kufungia mlango, bila hivyo anakuwa na wasiwasi muda wote. Taa ya elfu kumi inatosha, kuna duka moja lilinikazania taa ya matumbawe ya laki kadhaa, usikubali, hiyo hela peleka kwenye pampu ya betri. Umeme ukikatika usiku maji yakasimama oksijeni inashuka, pampu inayojiwasha yenyewe ndo kifaa kilichonipa thamani kuliko vyote humu ndani.

Maji nachota baharini bamvua likiwa limejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji, na sichoti siku za mvua. Chumvi iwe kwenye 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi. Kitu ambacho wengi wanakisahau ni kwamba maji yakipungua kwa joto na feni, chumvi haiondoki, inabaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine, sio ya bahari tena, ukijazia ya bahari kila siku chumvi inapanda mpaka unamuua. Na tanki jipya maji yazunguke bila mnyama wiki nne mpaka sita, amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome sifuri ndo umlete mnyama. Dawa za samaki zenye shaba zisiingie kabisa.

Awe peke yake. Samaki mdogo, konokono wa usafi, kaa, vyote ni msosi. Mara mbili tatu kwa wiki nampa vikonokono vya mwambani au kaa wadogo wazima, kamba waliomenywa mara moja moja tu kwa sababu nyundo inataka kazi. Tumia koleo refu la plastiki, wazamiaji hawakumpachika jina la mpasua dole gumba bure. Akiacha kula ghafla na kujifungia siku kadhaa usimchimbue, anajivua gamba, nyundo nazo zinakuwa laini, akitoka mpe vitu laini kwa muda wa wiki hivi.

Wangu alinipatia mvuvi, na nilimwambia kabisa asivunje tumbawe kumtoa. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, huko hatuchukui kitu.

Walioko Dodoma, Arusha na Mwanza mnaweza pia, ila mjue gharama inahamia kwenye chumvi ya kutengenezwa, gramu 35 hivi kwa lita ya maji ya RO, na kila ukibadilisha maji unanunua tena. Chakula ulizia chaza na kome wa kugandishwa wakiwa kwenye magamba yao, mnyama anawapasua vilevile. Kumsafirisha na basi mweke peke yake kwenye chupa ngumu ya mdomo mpana na kipande cha bomba ajifiche, pampu ndogo ya betri, vyote ndani ya kontena la barafu lakini bila barafu, ni kwa ajili ya joto lisipande ghafla. Mfuko wa nailoni usithubutu, hata kama muuzaji anakwambia wote wanabeba hivyo.