Kutoka barafuni hadi lami: magurudumu ya mstari au manne ya pembeni?

Aliyezoea kuteleza kwenye barafu atajiona nyumbani zaidi kwenye viatu vyenye magurudumu ya mstari mmoja. Ndugu wawili wa jimbo la Minnesota, Marekani, Scott na Brennan Olson, walianza kuviuza mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili wachezaji wa hoki ya barafuni wapate mazoezi wakati wa kiangazi. Kusukuma kwa upande na kuinamia kona ni vilevile.

Kazi ipo kwenye kusimama. Barafuni unageuza miguu kikingamo, chuma kinakwaruza, umesimama. Kwenye lami ukifanya hivyo magurudumu yanang'ang'ania na mwili unaendelea mbele. Tafadhali, jifunze kwanza breki ya kisigino, au kuburuta mguu wa nyuma ukiwa umeukingamisha, kabla ya kusogelea mteremko wowote. Na vaa kinga za viganja.

Viatu vya magurudumu mawili mbele na mawili nyuma hukata kona kwa kuegemea, na breki yake kwa kawaida iko vidoleni. Vinapendeza kwenye sakafu laini, hasa kwa dansi na kuzunguka. Barabara ya mashimo na kokoto haivifai. Mtu wa hoki au mbio, mimi ningempa vya mstari bila kusita.