Abuse of Weakness: chaguo la John Waters lililonikaa rohoni

Ukisikia John Waters ndiye anayetambulisha filamu, unajiandaa kwa vituko. Huyu ndiye mwongozaji wa filamu, mwana wa Baltimore, jimbo la Maryland huko Marekani, aliyetengeneza Pink Flamingos, filamu ya vituko vya kuchefua, mwaka 1972, na mashabiki wake hawajamwacha tangu hapo. Kwenye Tamasha la Filamu la Maryland, mjini kwake, ana desturi ya kuchagua filamu ya mtu mwingine anayoipenda na kupanda jukwaani kuitambulisha mwenyewe. Mimi huzitafuta filamu anazozichagua, na hii ya mwongozaji Mfaransa Catherine Breillat ya mwaka 2013 nimeirudia kuliko zote.

Vituko hamna. Tunaona mashuka meupe, kisha mwanamke anaamka na nusu ya mwili wake haimsikii. Ni Maud, mwongozaji wa filamu, kapigwa na kiharusi. Nimemuuguza shangazi yangu aliyepooza upande mmoja, kwa hiyo namtazama Isabelle Huppert, anayemwigiza Maud, kwa jicho kali: vidole vilivyojikunja, mguu unaoburutwa, na ile hasira ya mtu anayetaka kusaidiwa na hapohapo hataki kuguswa. Hakuna mahali anapoigiza ugonjwa ili tumwonee huruma.

Halafu anamwona tapeli kwenye televisheni, Vilko, katoka jela na wala hana haya. Maud anaamua palepale kwamba huyo ndiye atakayecheza kwenye filamu yake ijayo. Vilko anakuja nyumbani, anazoea, anaanza kukopa. Hundi zinaandikwa moja baada ya nyingine. Wapo watakaosema sehemu hii inajirudia. Kwangu ndiyo moyo wa filamu, maana pesa zinavyoondoka bila kelele ndivyo wengi wanavyofilisika. Kool Shen, rapa wa kundi la Kifaransa la Suprême NTM, anamfaa sana Vilko: mzito, mchangamfu akitaka, na usoni huoni mpango wowote. Mkewe Vilko ndiye aliyeandikwa kijuujuu, anapita tu.

Mambo haya yalimpata Breillat mwenyewe. Aliugua kiharusi mwaka 2004, kisha akanaswa na Christophe Rocancourt, tapeli aliyehukumiwa mwaka 2012 kwa kuutumia udhaifu wake. Mwingine angetengeneza filamu ya kulipiza kisasi. Yeye hamlaani Vilko wala hamtetei Maud, na mbele ya ndugu zake wanaotaka kujua kwa nini alitoa pesa zote zile, Maud anajibu kwamba alikuwa yeye, lakini hakuwa yeye. Jibu lingine hupewi.

Hapo ndipo namwelewa Waters. Siku zote amewapenda watu wanaofanya jambo lisiloeleweka na kukataa kuomba radhi, na Maud ni wa ukoo huo hata kama anavaa vizuri na kuongea taratibu. Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, itazame kwanza peke yako kabla ya kumwita akae nawe.